Sanamu ya Askari na Majina Yasiyoandikwa

Katika kurasa hizi tumezoea kupima vitabu, nyimbo za Misa, na mara moja moja picha zinazopamba makanisa yetu. Leo naomba ruhusa nipime kazi isiyo ya kanisa wala ya kitabu, ni kusema sanamu ya shaba inayosimama katikati ya mji wa Dar es Salaam, katika nchi ya Tanzania. Watu wa pale waiita Sanamu ya Askari. Wangereza waliisimamisha katika mwaka wa 1927 kwa ukumbusho wa Waafrika waliowatumikia na kufa katika vita kubwa ya 1914 hata 1918. Frateri mmoja, aliposikia kwamba nataka kuandika juu yake, aliniuliza: "Padri, sanamu ya Wangereza yatuhusu nini sisi watu wa Kongo?" Swali lake ni jema, lakini siku ile sikulijibu. Nitalijibu hapa, ila tuitazame kwanza sanamu yenyewe, kwani si haki kumhukumu mtu kabla ya kumtazama usoni.

Inasimama pale zinapokutana njia ya Samora na njia ya Maktaba, katikati ya mzunguko wa magari, juu ya nguzo nene ya mawe. Anayetaka kuikaribia hana budi kungoja pikipiki na mabasi yapite, kiisha akimbie kidogo. Mimi nilikimbia nikiwa nimeinua kanzu yangu kwa mkono mmoja, na kijana mmoja aliyekuwa akiuza maji akanicheka sana. Juu ya nguzo yuko askari mmoja Mwafrika, wa kikosi cha King's African Rifles. Ameshika bunduki kwa mikono miwili, mwili umeelekea mbele, na singe yake inaonyesha upande wa bandari.

Aliyeichonga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na nataka kumpa haki yake. Hakufanya askari wa paredi aliyesimama kama mti mbele ya mkubwa wake. Alifanya mtu anayekwenda, mwenye uzito, ambaye miguu yake inakanyaga chini kwelikweli. Hakuna Mzungu juu yake wala kando yake. Kwa kazi ya mwaka wa 1927 jambo hilo si dogo, na atakayetaka kulipima na akumbuke sanamu nyingine iliyokuwa katika mji huohuo kabla ya vita. Wadachi, ni kusema Wajeremani waliotawala nchi zamani zile, walikuwa wamemsimamisha mtu wao Hermann von Wissmann. Mzungu alikuwa juu, ametulia, anatazama mbali. Chini yake alikuwa askari Mwafrika, akiinua macho kumtazama bwana wake, huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Kijeremani. Wangereza waliuteka mji katika mwaka wa 1916, kiisha wakaiondoa sanamu hiyo. Mwisho ilipelekwa Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha katika mwaka wa 1968. Basi, tukilinganisha sanamu hizo mbili, askari wa Stevenson amepanda juu. Hamtazami mtu yeyote kwa unyenyekevu. Anatazama kazi yake.

Hayo nayasema kwa moyo mweupe, ili msifikiri nilivuka ziwa na nchi nzima ili nikamtukane mchongaji. Lakini nilipozunguka nguzo ile mara ya pili nilianza kuona mashaka mawili. Shaka la kwanza ni juu ya yule asiyekuwapo kileleni.

Vita ya Afrika Mashariki haikuwa vita ya singe kwa sehemu kubwa. Ilikuwa vita ya mizigo. Katika nchi ile pana reli zilikuwa chache, barabara za magari hazikuwapo, na wanyama wa kubeba, farasi na punda na ng'ombe, waliuawa na mbung'o. Kila mfuko wa unga, kila sanduku la risasi, kila mzinga uliofunguliwa vipandevipande, ulikwenda juu ya kichwa cha mtu. Wangereza peke yao waliandikisha wapagazi karibu milioni moja. Wengi hawakuandikishwa kwa hiari yao: mkubwa wa nchi alitakiwa kutoa watu, naye akawatoa. Walipewa mzigo wa kilo zaidi ya ishirini na unga wa mahindi, ambao wengine hawakuuzoea, na mara nyingi hawakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva. Unga mbichi uliwapasua matumbo. Walikufa kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu, kwa malaria, katika mvua, kando ya njia. Hesabu inayotolewa kwa kawaida ni wapagazi 95,000 waliokufa upande wa Wangereza, na wataalamu wengine wanasema hesabu hiyo ni ndogo kuliko kweli. Risasi iliua wachache sana kati yao.

Sasa tuinue tena macho yetu. Juu ya nguzo ya Dar es Salaam yuko askari peke yake. Mpagazi hakupanda huko. Katika mji wa Nairobi mchongaji yuleyule alisimamisha watu watatu pamoja, na mmoja wao ni mpagazi. Ni kusema Stevenson alijua, na mkono wake uliweza. Kwa ajili ya Dar es Salaam walichagua mtu wa bunduki. Watu wa sanaa wana sababu zao: mtu mmoja mwenye silaha huonekana vizuri kutoka mbali, na mtu anayeharisha kando ya njia hapendezi kwa shaba. Naifahamu sababu hiyo. Hata hivi, ukumbusho unaochagua kinachopendeza umekwisha kuanza kusahau.

Shaka la pili lilinikaa rohoni zaidi, nalo ni juu ya maneno. Penye nguzo kuna maandiko kwa Kingereza, kwa Kiswahili, na kwa herufi za Kiarabu. Aliyetunga yale ya Kingereza ni Rudyard Kipling, mwandishi mkubwa wa Wangereza wa siku zile. Siyaandiki hapa, ila nitaeleza maana yake. Yanawataja askari, kiisha yanawataja wapagazi na kusema kwamba hao walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwishoni yanamgeukia mtu aliyepigana na kumwahidi kwamba hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Nilisoma maneno hayo ya mwisho, nikazunguka nguzo tena pande zote, nikitafuta. Jina halipo. Hata moja.

Tukae hapa kidogo, wenzangu, kwa sababu hapa ndipo kazi hii inaposimama au kuanguka. Mtu aliyeandika ahadi ile hakuwa mjinga wa mambo ya majina. Kipling alikuwa mshauri wa maneno wa Tume ya Makaburi ya Vita, ambayo Wangereza waliiunda katika mwaka wa 1917. Mwanawe wa kiume wa pekee, John, aliuawa Loos, Ufaransa, katika mwaka wa 1915, akiwa na miaka 18. Baba alimtafuta miaka mingi, akahoji askari waliokuwa naye, na alipokufa katika 1936 kaburi la mtoto lilikuwa halijajulikana bado. Lakini jina la mtoto lilichorwa huko Loos ukutani, pamoja na majina ya wenzake waliokosa kaburi. Baba huyo alijua, kuliko wengi, faida ya jina lililoandikwa jiweni wakati mwili umepotea. Ndiyo maana ahadi yake huko Dar es Salaam inaniumiza. Angekuwa mtu wa ofisi asiyefiwa na mtoto, ningeipita.

Tena kuna jambo la mwaka. Katika mwaka uleule wa 1927, mwezi wa Julai, Tume ileile ilifungua katika mji wa Ypres, katika Ubelgiji, lango kubwa liitwalo Menin. Mji huo ulikuwa umevunjwa wote na mizinga. Juu ya kuta za lango lile yamechorwa majina zaidi ya 54,000 ya watu wa jeshi la Wangereza waliokufa karibu na hapo na ambao makaburi yao hayajulikani. Kati yao mna Wahindi pia. Jenerali hapati herufi kubwa kuliko askari mdogo, kwa maana Tume ilikuwa na sheria njema: katika kifo, wote sawa, bila kutazama cheo, taifa wala dini. Tangu 1928 tarumbeta hupigwa chini ya lango lile kila jioni, saa mbili ya usiku. Kulikuwa na muda wa kusimamishwa wakati Wajeremani walipoikalia nchi katika vita ya pili, kiisha wakaanza tena.

Mwaka mmoja, Tume moja, sheria moja. Huko Ypres majina 54,000. Huku Dar es Salaam shaba moja bila jina. Katika Dar es Salaam yenyewe maofisa na askari Wangereza na Wahindi waliokosa kaburi waliandikiwa majina yao penye ukumbusho wao wa pekee. Mwafrika alipewa sanamu ya Mwafrika fulani. Huenda wengine walifikiri kwa nia njema kwamba sanamu ingemfaa zaidi mtu asiyejua kusoma. Lakini mtoto wa mtu huyo alikuwa shuleni tayari, wakati huohuo, katika misioni zote za pwani na za bara, na mwalimu wake wa kwanza alimfundisha kuandika neno gani, kama si jina lake?

Nasikia kutoka nyuma sauti ya frateri mwingine, hodari wa kubishana: "Padri, na Askari Asiyejulikana wa Paris na wa London? Walizikwa kwa heshima kubwa, nao hawana jina. Mbona hao huwalaumu wakubwa wao?" Ni hoja safi, nami niliifikiria ndani ya basi siku mbili nzima nikirudi upande wa ziwa. Jibu langu ni hili. Askari Asiyejulikana ni mwili uliopoteza jina lake. Lakini jina lenyewe halikupotea. Limechorwa mahali fulani, ukutani Ypres au kwenye jiwe la kijiji chake. Mwili umelala huku, jina limesimama kule, na mama yake aweza kwenda kwa yote mawili akisema: labda ndiye. Kila kimoja chamngojea mwenzake. Mpagazi wa Kilwa au wa Unyamwezi hana mwili mahali panapojulikana, na jina lake pia halina mahali. Hapo sanamu isiyo na jina haitimizi kazi ileile. Inafunika shimo.

Wengine husema: haikuwezekana, daftari hazikuwapo. Kwa sehemu ni kweli. Katika miezi mingine watu walichukuliwa kwa haraka, wakafa kabla ya karani kupata kalamu. Lakini tusiipokee sababu hiyo mzimamzima. Kikosi cha wapagazi cha Kenya, chini ya Oscar Watkins, kilikuwa na daftari zake. Mtu aliyelipwa mshahara lazima aliandikwa mahali fulani, na baada ya vita mishahara ya wengi waliokufa ilibaki mikononi mwa serikali bila kuchukuliwa na jamaa zao. Fedha ilijulikana ni ya nani. Jiwe halikujulikana ni la nani! Mwezi wa Aprili 2021 Tume yenyewe, ambayo sasa ina jina jingine, ilitoa taarifa juu ya mambo hayo. Inakubali kwamba watu 45,000 hata 54,000 walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wengine, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi mbele ya bunge lao. Nasifu taarifa ile: haikutafuta maneno ya kujificha.

Tena, jambo la kufurahisha: pale walipotafuta, walipata. Mwezi wa Januari 2025 ukumbusho mpya ulifunguliwa Cape Town, katika Afrika Kusini, kwa ajili ya wafanyakazi 1,772 wa majeshi, karibu wote watu weusi, waliokufa katika vita ileile na ambao hawakuwa na kaburi wala ukumbusho. Majina yao yalitolewa katika karatasi za zamani. Hakuna sanamu ya mtu pale. Kuna miti iliyosimamishwa, ya mbao ngumu ya mvule, na kila mti una jina la mtu mmoja na tarehe aliyokufa. Sijauona kwa macho, nimeona picha tu, kwa hiyo sitaupima kama kazi ya sanaa. Nasema tu kwamba neno "haikuwezekana" limepungua nguvu tangu siku ile.

Sasa nitoke kidogo katika njia kuu, niende sokoni. Dar es Salaam ina ukumbusho mwingine wa wapagazi, na watu hupita ndani yake kila siku bila kujua. Ni mtaa wa Kariakoo na soko lake kubwa. Wakati wa vita Wangereza waliwaweka wapagazi mahali pale, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilizunguka vinywani mwa watu mpaka likawa Kariakoo. Nairobi pia ina mtaa wa jina hilohilo. Nilikwenda asubuhi, nikanunua machungwa kwa mama mmoja, nikamwuliza: "Mama, Kariakoo maana yake nini?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maana ya maji. "Kariakoo ni Kariakoo, Padri. Ongeza mia mbili nikupe na embe." Nikaongeza.

Nilipokuwa nakula chungwa lile nilifikiri kwamba, kwa upande mmoja, mtaa huu ni ukumbusho bora kuliko shaba. Una kelele, una mizigo! Vijana wanapita na magunia juu ya vichwa na migongoni, wakipiga kelele watu wawapishe, na hakuna mchongaji angeweza kumwonyesha mpagazi vizuri kuliko wao. Jina halikutoka ofisini, lilitengenezwa na wenyeji wenyewe katika sauti ya lugha yao. Lakini ni jina la kikosi, si la mtu. Na maana yake imekwisha kuanguka njiani, kama mzigo uliofunguka kamba. Kwa hiyo siwezi kusema, kama nilivyosikia msomi mmoja akisema, kwamba Kariakoo inatosha.

Ni wakati wa kumjibu frateri wangu wa kwanza: yatuhusu nini?

Kwanza kwa historia. Vita ile ilikuwa yetu pia. Askari wa Kongo, chini ya Jenerali Charles Tombeur, waliingia Rwanda na Burundi katika mwaka wa 1916, wakashuka mpaka Kigoma mwezi wa Julai, wakapigana Lulanguru na Itaga, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora. Jina la Itaga mapadri wa upande ule hulijua kwa sababu ya seminari ndogo iliyoko huko. Sijui kama vijana wake huambiwa nani walikufa katika ardhi ileile. Nyuma ya askari wetu walikuwa wapagazi wetu. Hesabu inayotajwa mara nyingi kwa upande wa Wabeleji ni watu 260,000 waliotumiwa kubeba. Nao sanamu ya Dar es Salaam haiwasemi, kwani maneno yake ni kwa waliomtumikia mfalme wa Wangereza, na watu wetu walibebea mfalme mwingine. Basi nilikwenda kumlilia mtu wangu mbele ya jiwe ambalo hata halikusimamishwa kwa ajili yake. Nacheka sasa ninapoandika, lakini pale sikucheka.

Pili kwa jamaa. Katika ukoo wa mama yangu, kando ya ziwa Tanganyika, kila kizazi mtoto mmoja wa kiume hupewa jina la Tabora. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni jina la kikwetu kama mengine. Siku moja nkambo wangu, mama ya mama, alinieleza kwamba babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya askari, akaenda mpaka Tabora, na hakurudi.

Nikamwuliza: "Nkambo, yeye mwenyewe aliitwa nani?"

"Waliita Tabora."

"Hapana, nkambo. Kabla hajaenda. Mama yake alimwitaje?"

Akaacha kuchambua maharagwe. Akafikiri muda mrefu. Kiisha akasema: "Mjukuu wangu, mama yangu alilijua."

Jenerali Tombeur naye alipata jina la mji ule. Mfalme wa Wabeleji alimpa cheo cha baron, na tangu hapo akaitwa Tombeur de Tabora. Tazameni tofauti. Yeye aliongeza Tabora juu ya jina alilokuwa nalo. Mtu wetu alipewa Tabora mahali pa jina lililopotea. Na wajukuu waliahidiwa nini kule penye nguzo? Kwamba watalikumbuka jina. Mimi ni mtoto wa mtoto wa ahadi ile, ikiwa hata hivi ilituhusu, na silikumbuki. Siyo kwa uvivu. Hakuna aliyeliandika, na midomo iliyolibeba ilikufa mmoja baada ya mwingine.

Ninyi mapadri mnajua mahali jambo hilo linapouma zaidi. Katika Misa, tunapofika penye kuwakumbuka marehemu, kitabu chetu kinaacha nafasi ya majina. Tangu zamani sana Kanisa lilitaka wafu watajwe mmoja mmoja, si kwa kundi tu. Kila parokia ina kitabu cha wafu, na paroko atakaguliwa na askofu kama amekiandika vema. Nikifika penye nafasi ile nataka kumtaja babu ya nkambo wangu, na kinywani sina kitu ila jina la mji wenye kituo cha reli. Najua Mungu analijua. Lakini mimi ndimi niliyepewa kazi ya kulisema kwa sauti.

Basi nikisema sanamu ya Dar es Salaam ina kasoro, sisemi iangushwe. Nilisikia watu wakisema hivyo, na sikubaliani nao. Askari wa Stevenson ni kazi ya mkono hodari, na ni mmoja wa Waafrika wachache waliosimamishwa juu ya nguzo siku zile bila mtu wa kuwaangalia kutoka juu. Aachwe. Ninachotaka ni maneno yake yalipwe. Ahadi imeandikwa mbele ya watu kwa lugha zaidi ya moja. Yeyote anayeitunza sanamu sasa, awe serikali ya mji au Tume, angeweza kusimamisha kando yake ukuta mdogo wa majina yale yanayopatikana, hata kama ni elfu tu, hata kama ni mia. Na nafasi tupu iachwe ukutani kwa yatakayopatikana baadaye. Ukuta wenye nafasi tupu ungekuwa mkweli kuliko shaba iliyojaa.

Na sisi hapa Kongo tusingoje Wangereza wala Wabeleji. Wenye kumbukumbu ya midomo wanakufa. Nimewaomba wakatekista wa parokia yetu, kila mmoja katika kijiji chake, wawaulize wazee majina ya waliokwenda na hawakurudi. Mwanzoni nilisema vita ya 14 tu, lakini wengine waliniletea watu wa vita ya pili, waliokwenda na askari wetu mpaka Saio katika Ethiopia mwaka wa 1941, na sikuwa na moyo wa kuwakataa. Wengine waliniletea watu wa vita vya juzi, ambao wake zao wako hai na wanakuja kwenye Misa. Hao pia nimewaandika, kwa ukurasa mwingine. Daftari ni lile la shule, lenye mistari, na linakaa katika sakristia pamoja na vitabu vya ubatizo. Mchwa ni adui yetu mkubwa; tumeliweka ndani ya bati la maziwa.

Kazi haiendi upesi. Majina mengine ni ya ubatizo peke yake, bila jina la ukoo, na Yosefu ni wengi. Wengine hawana hata hilo, ila tunajua kijiji na jina la dada yake, basi tunaandika "kaka wa fulani". Juma lililopita katekista mmoja alitembea saa nne kwa miguu kuniletea jina moja tu, la mtu aliyeondoka na mzigo katika mwaka ule wa 1916. Akaniambia kwamba wazee wawili wa kijiji hawapatani juu ya herufi moja ya jina hilo, na kwamba waliliteta mpaka usiku. Tumeyaandika yote mawili.